Mbuzi wa Idi na Mkono wa Kaka Yangu

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mwanangu kwenye kiwanja cha zamani pale Riverdale Park, hapa Maryland, Marekani, nyuma ya yale maghorofa ya matofali tulikokulia. Nikachuchumaa, nikavaa glavu, nikamwambia haya baba, rusha. Ana miaka sita. Akasimama na mpira wake, akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini kukisema hataki: nirushe mzuri au mbaya, mama? Wewe umechagua upi?

Nilidhani ananitania. Wala. Ndivyo anavyoujua mchezo. Jioni baba yake akirudi kutoka kupakia mizigo uwanja wa ndege, anakaa kwenye kochi na simu mkononi, mtoto ubavuni, besiboli kwenye televisheni. Siku hizi simu haikuulizi tu nani atashinda. Inakuuliza mpira unaofuata, huo huo mmoja, utapita ndani ya eneo la mpigaji au nje yake. Mtu anabeti mpira mmoja! Basi kila mrushaji akiinua mkono mtoto anauliza, "Tunataka upi?" na baba anamjibu, kisha wanashangilia hata mpira uliokwenda kugonga vumbi, mradi ndio waliouchagua.

Na kama hufuatilii haya mambo, mwenzangu, yamefika pabaya. Kuna warushaji, watu wazima wenye majumba na magari, wanashtakiwa kwamba walikuwa wanautupa mpira nje makusudi kwa sababu kuna rafiki mahali fulani ameshabeti kwamba utakwenda nje. Si kuuza mechi nzima. Mpira mmoja tu, wa mwanzo, ambao hakuna anayeukumbuka. Wakubwa wa ligi wanatoka kwenye televisheni wamekunja nyuso, wanasema heshima ya mchezo hoyee, halafu linafuata tangazo la nani? La kampuni ya kubeti. Jamani. Hata aibu ya kusubiri dakika moja hakuna.

Nimechoka na hasira hizi, nakwambia ukweli. Nimezichoka kama mtu anavyochoka na jino. Lakini swali la mwanangu lilinikalisha chini kwenye nyasi, maana kiwanja kile ndicho nilichojifunzia mchezo, na aliyenifundisha nani kafika na nani hajafika hakuwa kocha. Alikuwa bibi yangu mzaa mama, kutoka Tanga, aliyekuwa hajui hata timu zinakuwa na watu wangapi.

Miaka ile Ramadhani ilikuwa inaangukia kiangazi katikati. Kama hujawahi kufunga Agosti ya Maryland usinisimulie habari za saumu. Jua linagoma kuzama. Hewa nzito, unaivuta kama unakunywa uji. Nyenje wanalia mitini mpaka masikio yanawasha, treni ya mizigo inapita na honi yake ndefu, na kama hiyo haitoshi, linapita gari la aiskrimu na kale kamuziki kake, polepole, mbele ya watoto waliofunga. Dereva yule sijui tulimkosea nini.

Kazi za nyumbani zilikuwa zangu, maana mimi ndiye msichana. Kukata muhogo wa barafu uliotoka duka la Wasalvador barabara kubwa, kufungua makopo ya tui, kukunja sambusa, kusonga unga wa kaimati mpaka bega liume. Jiko letu lilikuwa dogo kama kabati. Hiliki, tangawizi, mafuta ya moto, bibi na khanga yake kiunoni. Saa ya mwisho kabla ya Magharibi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu chakula kimeiva na ruhusa haijafika, na sisi watoto tunazungukazunguka masufuria. Bibi alitufukuza. "Tokeni jikoni kwangu! Mnanilia kaimati kwa macho. Mtabatilisha saumu za watu."

Ndiyo tukashuka kiwanjani kuisukuma hiyo saa moja. Kaka yangu, wa miaka kumi na mitano wakati ule, alikuwa ameupata mchezo shuleni, na alikuwa na mkono. Nikisema mkono, namaanisha mkono. Mimi nilikuwa ninadaka nyuma ya mpigaji, na kila alichorusha kiliingia kwenye glavu kikasema pah, na kiganja kikawaka mpaka usiku. Tulicheza sisi, Wakenya wa jengo la pili, watoto wa yule mama wa Kikongo wa ghorofa ya juu, na Wasalvador wawili watatu ambao hawakufunga lakini kwa adabu yao walikwenda kunywea maji nyuma ya jengo.

Ugomvi ulikuwa mmoja tu kila siku: mtu anakimbia kurudi nyumbani, yaani kile kituo alichopigia, mpira nao unarudi, nani kafika kwanza? Hapo ndipo watu waliposhikana mashati. Wakenya wanapiga kelele, "Ameout huyo, wacheni madharau!" Sisi tunasema kafika. Mpaka siku moja bibi akachungulia dirishani akauliza kuna nini, mnagombana na mmefunga? Kaka akamweleza. Bibi akasikiliza, akasema, "Kumbe ni rede hii, mchezo wetu wa mpira wa utotoni. Rede ya wenye gongo. Nishushieni kiti."

Kiti cha plastiki kikashushwa. Bibi akakaa karibu na kituo cha nyumbani, khanga kichwani, tasbihi mkononi, na kuanzia siku hiyo akawa mwamuzi. Alikuwa na maneno mawili tu. Kafika. Hajafika. Basi. Mengine yote hakuyajua wala hakutaka kuyajua. Na watu waliyakubali, unajua kwa nini? Kwa sababu siku ya kwanza Mkenya mmoja mkubwa alibisha, akasema bibi anampendelea mjukuu wake, na bibi akamgeukia taratibu. "Mwanangu, mimi nimefunga. Nishinde na njaa tangu alfajiri, halafu niiuze saumu yangu kwa ajili ya mpira wenu? Una akili wewe?"

Ikawa desturi. Kwenye kiwanja chetu mwamuzi lazima awe amefunga. Mtoto akitaka kutoa ushahidi, anaulizwa kwanza, umefunga? Kama amefunga nusu siku kwa ajili ya udogo, ushahidi wake nusu. Mama wa Kikongo, ambaye ni Mkristo kabisa, alikuwa anapiga kelele kutoka juu kwenye roshani, "Bibi! Ule mutoto hakufika, miye niliona na macho yangu!" na bibi anamjibu bila kugeuka, "Wewe umekula mchana, nyamaza." Wanacheka wote wawili. Jioni sahani ya kaimati inapanda ghorofani kwake.

Bibi aliniambia kitu mara nyingi, mimi nikiwa nimechuchumaa pale miguuni pake na vumbi usoni. Mtu akikosa, akiudondosha mpira, akaanguka, watoto wakamcheka, alisema: "Mwacheni. Kukosa si dhambi. Kakosa mbele ya watu, kwisha." Nilikuwa nalisikia kama maneno ya bibi tu, ya kupoza mtoto.

Sasa, mjomba. Mjomba ni mdogo wake mama, tuliishi naye nyumba moja. Mtu mcheshi, mwenye maneno, anayependwa. Ndiye aliyekuwa anampeleka kaka kwenye mazoezi ya shule na kumngojea ndani ya gari. Kwetu mjomba ni mama wa kiume, unaelewa, mjomba hakataliwi. Akikwambia simama, unasimama.

Mwaka huo ndugu zetu wa Herndon, mji wa watu wa kompyuta kule Virginia, walisema wanakuja na timu yao Jumamosi ya mwisho kabla ya Idi, mechi moja ya heshima, kisha tufuturu pamoja. Wiki nzima jengo lilikuwa moto. Wanaume walikuwa wanakaa nje jioni kwenye boneti za magari, wakabishana, na ubishi ukazaa mambo. Nani atashinda, Riverdale au Herndon? Atakayekosea anunue mbuzi wa Idi, mbuzi mzima, halali, kutoka shamba. Mtu mmoja akasema lakini jamani hii si ndiyo kamari? Mjomba akamjibu kwa sauti ya shekhe: "Kamari ni pesa. Hii ni nyama." Wakacheka. Wakaridhika! Watu wazima waliofunga, wanaokwenda tarawehe kila siku, wakaridhika kwamba ukibadilisha pesa ukaweka mbuzi, Mungu atachanganyikiwa.

Wanaume wote wa jengo walituchagua sisi, maana nani hakuujua mkono wa kaka? Mjomba peke yake akachagua Herndon. Wakamcheka, wakamwambia wewe umeshalipa mbuzi tayari. Yeye akacheka pia.

Herndon wakaja na magari mawili, sare zinazofanana, pamoja na sufuria la pilau limefungwa taulo. Bibi yuko kwenye kiti chake. Jua limeanza kuwa jekundu juu ya reli. Tulicheza vizuri mwanzo wote, kaka anarusha, pah, kiganja changu kinawaka, wanapokezana mbele yetu wanapepea magongo yao hewani, na watoto wa Kikenya wanawazomea, "Rudini Herndon mkauze kompyuta!" Tulikuwa tunaongoza. Ilibaki zamu yao ya mwisho.

Hapo mpira ukaniingia kwenye glavu kama nyanya. Haukusema pah. Ulisema puf. Nikautazama. Nikamtazama kaka. Akaangalia chini. Wa pili, puf. Wa tatu mtoto mmoja wa Herndon, mnene, ambaye siku nzima hakugusa kitu, aliupiga ukaenda mpaka kwenye magari. Nikapiga kelele, "Rusha basi! Una nini wewe?" Wakapiga tena. Wakatufikia sawa kwa sawa. Nikamwona mjomba amesimama pembeni, mikono imefungwa kifuani, hashangilii upande wowote.

Mpira wa mwisho ukapigwa, mtoto wa Herndon akatoka mbio kurudi nyumbani, mpira ukarudishwa, nikaudaka, nikamgusa begani, tukaanguka wote wawili mbele ya kiti cha bibi. Vumbi. Akifika, Herndon wameshinda. Kila mtu kageukia kiti.

Bibi hakusema kafika. Hakusema hajafika. Alimtazama kaka yangu pale katikati ya kiwanja.

"Mkono wako una nini?"

"Hauna kitu, bibi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona nilikuwa nausikia, sasa siusikii?"

Kaka akasugua kiatu chake kwenye vumbi. Bibi akamuuliza taratibu, mbele ya Riverdale na Herndon, "Umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi niambie."

Kaka aligeuza uso tu, akamtazama mjomba. Na mjomba, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Mama, si kamari hiyo. Ni mbuzi tu."

"Nani kataja kamari?" bibi akasema.

Yakatoka yote. Kwamba alimwambia kaka alegeze tu kidogo, mwisho mwisho, wala asirushe nje, alegeze tu, hakuna atakayejua, na Idi watakula wote. Maneno yale yale, mwenzangu! Kidogo tu. Mpira mmoja tu. Hakuna anayeumia. Ukisoma leo walichoambiwa hawa warushaji wenye majumba, utadhani wote wamesoma chuo kimoja na mjomba wangu.

Bibi akainuka. Akasema, "Mimi nimefunga. Siwezi kusema huyu kafika, na siwezi kusema hajafika. Mchezo mlionitaka niuone mmeuficha." Akachukua kiti chake mwenyewe, hakutaka msaada, akapanda nacho ngazi. Mama wa Kikongo akauliza kutoka juu, kwa sauti ndogo safari hii, "Sasa, nani alishinda?" Mechi ile haijaisha mpaka leo.

Adhana ikalia kutoka saa ya plastiki aliyoiweka bibi dirishani. Tukafuturu na Herndon, tende zinapita mkono kwa mkono kama tuko msibani.

Mbuzi alinunuliwa tu. Wanaume walisema nadhiri ni nadhiri, wakachanga, yaishe. Siku ya Idi nyumba ikajaa, biriani, nguo mpya, watoto wanadai mkono wa Idi, vile visenti vya sikukuu, na bibi amekaa mwisho wa jamvi na kikombe cha chai na kipande cha mkate. Mjomba akamsogezea sahani kwa mikono miwili. "Mama, kula. Nyama haina kosa."

"Nyama haina," bibi akasema. "Mie ndiye sina njaa."

Mjomba akatoka nje kwenye gari akakaa peke yake. Mimi nilikula. Nilikuwa mtoto, na biriani ni biriani. Lakini niliona mama yangu anageuza uso ukutani.

Mwaka uliofuata tulimpelekea bibi kiti. Akatuambia tafuteni mwingine aliyefunga. Tukatafuta. Tukaweka baba wa Kikenya, mtu wa swala kabisa, na kila alichosema watu walibisha. Umepewa nini? Umeahidiwa paja? Saumu yake ilikuwa ileile kama ya bibi, ila sisi ndio tulikuwa hatuna tena kitu cha kumwaminia. Baada ya wiki moja wengine wakaleta mpira wa miguu, wengine wakabaki ndani na michezo ya kwenye skrini. Hivyo tu. Hakuna aliyetangaza kwamba tumeacha.

Kaka ndiye aliyelipia. Aliendelea kurusha shuleni, na bado alikuwa na mkono, walimu wakimtaja taja kwamba anaweza kufika mbali. Lakini kila mrushaji anakosa, mwenzangu. Hata aliye bora duniani anakosa siku mbili tatu. Yeye akikosa tu, kuna mtoto wa mtaani kwetu pale kwenye benchi: "Mee! Mee! Leo umemuuza mbuzi gani?" Wanacheka. Utani tu, si ndiyo? Mwanzoni alicheka nao. Baadaye nikawa namwona, akikosa anageuka haraka kututazama nyuso, anatafuta nani anaamini na nani haamini. Huwezi kurusha hivyo. Mwisho wa msimu mmoja alikuja nyumbani, akaweka begi nyuma ya mlango, akasema bega linauma. Bega lilikuwa zima. Leo anaendesha basi, anaishi Oxon Hill, na kutoka dirishani kwake anaona mataa ya kasino kule mtoni. Besiboli haangalii. Mjomba kazeeka, anasali safu ya mbele, na ukimgusia atakwambia ah, yale ya mbuzi, mnayakumbuka ya nini. Bibi tulimzika Virginia, kwenye makaburi ya Waislamu.

Nilipotoka kiwanjani Jumamosi nilimpigia kaka nikamweleza alichoniuliza mpwa wake. Nikasikia mlango wa basi ukifunguka. Kisha akasema, "Mwanao usiwaachie hao wa kubeti." Basi, akakata, alikuwa anaingia zamu.

Kwa hiyo jioni nikamwambia baba watoto: ukiangalia na huyu mtoto, simu inabaki jikoni. Akacheka. "Mama nanihii, kila mtu anabeti. Nabashiri tu, si kamari." Nikamwambia neno hilo nilishalisikia tangu nina miaka kumi na moja, lete lingine. Akaona sitanii. Si mtu mbaya, ni mtu aliyechoka kama mimi. Akaipeleka simu jikoni kweli, akarudi, akakaa. Akaangalia kidogo, akahangaika na mguu, akapiga miayo. Kisha akasimama. "Bila hiyo hata haunogi," akasema, akaenda kuoga.

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Nilijiandaa kugombana naye ashinde au nishinde. Sikujiandaa kugundua kwamba mchezo wenyewe hakuwa anauangalia.

Tukabaki wawili, mimi na mwanangu. Nikamweleza kama nilivyoelezwa: huyu anajitahidi apitishe, yule anajitahidi apige, wote wawili wanajitahidi, ndiyo raha yake. Akawa anasikiliza kweli, kidole mdomoni. Mrushaji akainua mguu, akarusha, na mpira ukaenda mbali kabisa, nje, ukagonga ardhi, mdakaji akaukimbilia kama mtu anayefukuza kuku. Uwanja mzima ukaguna.

Mwanangu akanigeukia. "Kakosa?"

Zamani ningejibu kabla hajamaliza. Ndicho walichotuibia, na sijasikia mkubwa hata mmoja wa ligi akikitaja. Ushindi watarudisha, heshima watainunulia matangazo. Lakini zamani mtu akikosa alikuwa amekosa, mbele ya watu, kwisha, na wewe ukamhurumia ukangojea mpira unaofuata. Nilimtazama yule kijana kwenye televisheni, anajipangusa jasho, uso umemshuka. Ulikuwa uso wa mtu aliyekosa. Au wa mtu anayejua kuigiza.

"Mama," akarudia, "kakosa?"

Nikafungua mdomo, nikasema sijui.